Asia, Mwanamke Asiyehama

Asia wa Msimbati ana miaka hamsini na minane, na arobaini na tano kati ya hiyo ameishi na jina langu. Sisemi kwamba aliliiba. Nilimpa kwa mkono wangu, mchana, mbele ya wanawake wasiopungua mia mbili, bila kuhesabu waliokuwa juu ya miti. Ninacholalamikia ni maneno niliyolifungia jina hilo siku ya kumpa. Mwaka jana maneno hayo nusura yamzamishe.

Kwetu sisi msichana akishachezwa unyago haendelei na jina la utotoni. Huko kwenye madaftari ya shule na ya zahanati waandike watakavyo. Nyumbani anapata jina jipya, na mara nyingi hulipata kwa mwanamke mzima aliye tayari kulivua. Nasema kulivua, maana ukishampa mwali jina lako umempa, kama khanga uliyomtupia begani. Huwezi kutembea nayo tena. Unajitafutia jingine. Mimi nilikuwa Asia tangu kuzaliwa, nikawa Fatuma siku ile yeye alipokuwa Asia, na tangu hapo tunaitana somo.

Na jina halitolewi likiwa tupu. Mtoaji husimama akalieleza: limetoka wapi, lina maana gani, na anayelichukua aishi vipi. Kina mama husikiliza kama wanavyosikiliza mirathi ikigawanywa.

Sasa mimi maana ya Asia ningeijulia wapi? Baba alikwenda kwa mwalimu wa chuo na kuku jike, akarudi na jina, bila kuku wala maelezo. Chuoni sikupelekwa, shuleni sikupelekwa, nilipelekwa shambani. Lakini ngoma zimewekwa chini, wanawake mia mbili wanakutazama, utasema hujui? Nikafungua kinywa, na kinywa changu hakijawahi kufunguka bure.

Nikasema: huko Uarabuni alikuwepo mwanamke Asia, ana nyumba ya mlango mmoja. Sultani akataka kupitisha barabara hapohapo. Asia akaketi kizingitini. Wakaja askari, hakunyanyuka. Wakaletwa tembo saba, wakafungwa kamba za makumbi, wakamvuta tangu jua linachomoza mpaka adhuhuri. Tembo wawili waling'oka mikonga, Asia hakung'oka. Sultani akachoka, akaamuru barabara izunguke. Ndiyo maana barabara za Uarabuni zimepinda mpaka leo. Waulizeni waliokwenda kuhiji.

Vigelegele vilipigwa hata kunguru wote wa Msimbati wakahamia Msumbiji kwa wiki mbili. Na mimi sifa zikinipanda sijui pa kukomea. Nikaongeza: kwa hiyo mwenye jina hili hahami pale alipoweka kizingiti chake. Akihama kwa woga, mlango utamfuata huko aendako, ubishe hodi mpaka arudi.

Yule mtoto wa miaka kumi na miwili alinitazama kwa macho makavu, akaitikia kwa kichwa. Heri angecheka.

Akaolewa na Selemani, kijana mpole, mwenye mabega kama mlango wa ghala. Selemani akamjengea nyumba karibu na pwani, mahali pazuri, hatua mia na ishirini kutoka majini. Nilizihesabu mwenyewe, wakati miguu yangu ilikuwa mirefu. Baadaye akapata kazi bandarini Mtwara, ya kupakia magunia ya korosho, akapanga chumba mjini, akaja kumchukua mke. Asia akamwambia haendi, yeye ni Asia. Selemani akauliza hilo lina uhusiano gani na chumba. Akaelezwa habari ya tembo.

Mwanamume wa watu alifanya kazi mjini wiki nzima na kurudi Msimbati Ijumaa, miaka kumi na tisa, na enzi hizo njia ilikuwa mchanga mtupu. Mchanga aliokung'uta viatuni mlangoni pake ulitosha kusiriba jiko langu, na uliobaki nikampa jirani. Hakuwahi kunilaumu. Alikuwa akinisalimu tu, "Shikamoo, mama wa tembo," halafu anapita.

Walipokuja wale wa kupima mambo ya gesi na magari yao, wakataka kukatisha kwenye uwanja wa Asia, aliwaketia mlangoni. Wakazunguka. Akanijia mbio, mkubwa mzima, mama wa mtoto, akaniambia barabara imepinda. Nami mpumbavu nikacheka naye.

Halafu ukaja mwaka ule wa kimbunga, ambapo kipaza sauti kilipita kikitangaza watu wa pwani tusogee juu. Kijiji kizima kilibeba magodoro. Asia alikaa kizingitini, mkono huu umeshika mwimo wa kulia, mkono huu wa kushoto. Kimbunga kikapitia upande wa Msumbiji, kikaua wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma, Mungu awarehemu. Sisi tukapata mvua na upepo tu. Tuliporudi na magodoro yetu yamelowa, yeye alikuwa amepika chai. Alitumiminia tu vikombeni, akitabasamu kama yeye ndiye aliyekizungusha kimbunga.

Tangu siku hiyo ukimwambia Asia habari ya kuhama, ni kama unaongea na kinu.

Na bahari haikusahau. Kwanza ilichukua minazi mitatu ya Selemani, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki miaka miwili. Ikachukua choo. Ikachukua banda la kuku, na kuku mmoja ambaye nina hakika alirudi baada ya siku tatu akinuka samaki. Kila mwaka nilikwenda kuhesabu hatua. Themanini. Hamsini. Ishirini na saba. Mwaka jana, mwezi wa Mei, nilihesabu kumi na moja, na miguu yangu siku hizi ni mifupi, kwa hiyo ziandike nane.

Mwanawe Fadhili alikuwa akija kila mwisho wa mwezi na pikipiki kutoka Mpapura, kijiji cha mbali na bahari. Ana mikorosho huko, ana muhogo, ana nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vitatu, na kimoja amekipaka rangi ya buluu kwa ajili ya mama yake. Kinakaa tupu. Alibembeleza, alilia, siku moja alipiga goti kwenye mchanga uliolowa. Asia alimwambia ainuke, suruali itachafuka.

Siku hiyo Fadhili hakupanda pikipiki moja kwa moja. Alikuja kwangu, akakataa kiti.

"Bibi," akasema, "wewe ndiye uliyemfunga. Mfungue."

Mtoto alikuwa na haki.

Kesho yake nikaenda. Asia alikuwa uwanjani anampiga pweza kwenye jiwe ili alainike. Hiyo ndiyo kazi yake tangu ujana: maji yakipwa anashuka mwambani na kijiti chake na ndoo, anachokoa pweza mashimoni, anaokota na chaza, jioni anakaanga na kuuza penye njia panda. Hakuna aijuaye ile miamba kama yeye. Walikuwapo pia wanawake wanne wa jirani, wamekuja kununua na kuongea, zaidi kuongea. Nikaona heri, nitakuwa na mashahidi.

"Somo, nina neno."

"Sema. Mikono ndiyo inafanya kazi, masikio yamekaa bure."

"Ile habari ya tembo niliitunga."

Pweza akapigwa mara tatu.

"Tembo wote saba?"

"Wote."

"Na Sultani?"

"Na Sultani. Na mlango unaobisha hodi. Sikuwa najua maana ya jina, nikaona aibu kusema."

Aliweka pweza chini akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Somo, uliposema kiboko wa Ruvuma aliingia jikoni kwako, akala ugali na mboga, akaosha sahani, nilikuamini. Uliposema ulivuka kwenda Msumbiji juu ya gogo, kumbe gogo ni mamba amesinzia, nilikuamini. Leo ndiyo nasikia uongo."

Wale wanne wakacheka mpaka mmoja akakalia ndoo ya chaza. Nikaapa. Wakacheka zaidi. Nikaapa kwa kaburi la mama yangu, wakaanza kuulizana ni lini nilisema mama alizikwa hai akatoka kudai khanga yake. Hakuna taabu kama kuwa na ukweli mkononi na huna wa kumpa. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikampiga mbuzi wangu teke, naye hana kosa.

Nikaona basi, kama kinywa changu hakiaminiki, nitakwenda kuazima kinywa kingine. Yuko mwalimu wetu wa darsa ya wanawake, Bi Nuru, aliyesoma Unguja. Ni mtu mdogo kwangu, hajafika hata arobaini, lakini akisema jambo watu hawaulizi mara ya pili. Alhamisi baada ya alasiri nikasubiri kina mama watawanyike. Nikamwuliza: jina Asia limetoka wapi, na lina maana gani? Nilikuwa na miaka karibu themanini, na lilikuwa jina langu mimi kwa miaka thelathini na zaidi, na sikuwahi kumwuliza mtu.

Bi Nuru hakucheka. Akaniambia Asia ndiye mke wa Firauni. Ndiye aliyemwona Nabii Musa mchanga ameokotwa mtoni ndani ya sanduku, akamwambia mumewe wasimwue, huenda akawafaa. Akamlea mtoto wa watu. Baadaye akamwamini Mungu wa Musa, na mumewe akamtesa kwa hilo. Qurani, akasema, haimtaji kwa jina, inamwita mke wa Firauni tu. Jina tunalipata katika maneno ya Mtume, naye amewekwa miongoni mwa wanawake bora waliopata kuishi. Na dua yake imo katika Qurani: alimwomba Mola wake amjengee nyumba huko Kwake, peponi, na amwokoe na Firauni.

Nikamwuliza kama hamna tembo hata mmoja.

"Tembo wamo sura nyingine, Bi Fatuma. Si hii."

Nikamwomba maana yenyewe ya neno. Akasema jina lenyewe ni la kale, hakuna anayejua kwa hakika wenyewe wa Misri walikuwa wakilitamkaje wala kama lilikuwa lao. Ila Waarabu wakilitazama kwa lugha yao wanaona maana zaidi ya moja. Wapo wanaosema ni mwanamke anayetibu vidonda na kuliwaza. Wapo wanaosema ni mwenye huzuni. Na wapo wanaosema ni nguzo, jengo lililosimama imara.

Hiyo ya tatu ilinichoma. Nimetembea na magoti haya kutafuta jina linalohama, napewa nguzo. Nikamshukuru Bi Nuru, nikaondoka na maana mbili, ya tatu nikaiacha palepale kwenye mkeka.

Nilimkuta Asia anatoa mchanga jikoni kwa ufagio. Mawimbi sasa yalikuwa yanauleta mpaka mlangoni. Nikamweleza yote, polepole, bila chumvi hata chembe, na kila nilipotaka kuongeza nilijiuma ulimi. Nikamaliza kwa pigo langu: unaona, somo, Asia mwenyewe hakung'ang'ania jumba. Aliomba nyumba nyingine.

Asia akaegemea ufagio.

"Aliomba peponi, Somo. Wewe unaniombea Mpapura."

Nikasema jambo ni lilelile, ni kuhama.

"Basi nikifa nitahama. Na ile maana ya nguzo umeiacha kwa nani?"

Kumbe naye alikuwa ameshakwenda kwa Bi Nuru. Wiki nzima kabla yangu. Na yule mwalimu, kwa adabu zake, alikaa akanieleza kila kitu upya kama hajawahi kuulizwa. Nikamwambia Asia kwamba yeye si nguzo, ni kisiki, na kisiki kinang'olewa na maji. Akanijibu kwa upole kwamba chai iko tayari. Sikuinywa. Nilimwona anaimimina tena ndani ya birika, taratibu, asimwage hata tone.

Juma lile sikulala usingizi wa maana wala chakula hakikunipita. Mtu akizama kwa ukaidi wake, watu watasema maskini. Huyu akizama, watasema ni jina. Na wataniangalia mimi.

Ndipo nikakumbuka njia moja tu iliyobaki, na nikashangaa nimeichelewesha nini. Jina linavuliwa. Mimi nililivua likaenda kwake na mzigo wake wote. Yeye akilivua, mzigo unaondoka, naye hana tena nguzo wala tembo wa kujifichia. Na Mpapura kwenyewe kulikuwa na mwali. Binti wa Fadhili, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa achezwe likizo ya Juni. Shuleni anaitwa Upendo. Mama yake, Sabra, alimpa jina la muuguzi wa kutoka bara aliyemzalisha siku ya mvua kubwa. Shuleni atabaki Upendo. Nyumbani alihitaji jina.

Safari hii sikumwendea Asia kwa ubishi. Nilimwambia tu kwamba mjukuu wake anatafutiwa jina, na kwamba itakuwa aibu apewe la mtu baki bibi yake akiwa hai. Alichora mchangani kwa kidole cha mguu. Halafu akasema sawa. Nilitaka kuruka, magoti yakakataa.

Tulikwenda Mpapura pamoja. Ya ndani ya unyago hayaandikwi. Nasema tu ya uwanjani, siku ya kutoka. Asia alisimama mbele ya watu, amejifunga khanga mpya, akamshika Upendo bega. Akasema:

"Hili jina ni la mwanamke aliyemwokota mtoto wa watu mtoni akamlea. Mumewe alikuwa na jumba ambalo halikuwa na mfano. Na bado alimwomba Mungu nyumba yake mwenyewe. Nakupa."

Akaketi. Maneno hayo tu. Mimi ningekuwa ndiyo kwanza nafika kwenye ndevu za Firauni, ambazo walizibeba watumwa kumi na wawili. Lakini watu walipiga vigelegele, Upendo akainamisha kichwa, na mimi nikasikia vigelegele tu. Sikusikiliza alichosema. Nilikuwa najipongeza.

Asia akabaki Mpapura katika chumba cha buluu. Mimi nikarudi Msimbati na kutangaza kila kizingiti kwamba nimemng'oa bila tembo. Watu wakaanza kuniheshimu. Heshima hiyo ilidumu siku ishirini na moja.

Siku ya ishirini na mbili nilisikia bodaboda, nikatoka, nikamwona anashuka na fuko lake na ndoo ya pweza. Hakuja kwangu. Alinyoosha mguu moja kwa moja kwenda ukingoni, kwenye hatua nane ambazo sasa zilikuwa sita. Nilimfuata nikipiga kelele njia nzima. Jina umevua, nikamwambia, sasa unarudi kwa amri ya nani? Akafungua mlango wake, akaanza kufagia.

Nilikaa siku nne bila kumsemesha. Niliwaambia watu mtu asiniulize habari zake, mimi simjui, hata jina hana. Hilo lilikuwa kweli. Jina jipya hakuwa amechagua, kila alilopewa alisema atafikiri, na watu walikuwa wakimwita Mama Fadhili tu.

Siku ya tano likaja bamvua, maji kujaa kupita kawaida. Sihitaji kuliongezea. Saa kumi ya alasiri, jua kali, mbingu safi, maji yakapanda kimyakimya kama mtu anayekuja kuazima chumvi, yakaingia chini ya jiko la Asia, na jiko likaketi. Halikuvunjika, liliketi tu baharini, na makuti yake kichwani, likaondoka. Niliyaona kutoka juu kwangu. Nikashuka, sijui kwa magoti ya nani.

Nilimkuta amesimama ndani ya maji ya magotini, sufuria kwapani, fuko begani, kinu amekikumbatia. Nikamshika mkono nikamvuta. Hakupinga. Tulipofika mchanga mkavu tukakaa chini wote wawili, tunahema kama mbuzi, na nyumba yake mbele yetu nayo imefuata jiko, umebaki ukuta mmoja ukining'inia hewani.

Hapo hasira zote za miaka zikanitoka. Nikamwambia nimedanganya mara moja tu bila kufikiri na nimelipia kwa kila hatua niliyohesabu. Nikamwambia sina miaka mingine ya kumtazama akizama. Nikamwambia tembo hawakuwapo, aniamini au asiniamini.

"Nilijua," akasema.

Nikamwuliza tangu lini.

"Tangu siku ileile. Mkonga wa tembo haung'oki, Somo. Hata mtoto wa miaka kumi na miwili anajua."

Nikamgeukia.

"Sasa kwa nini?"

Akaweka kinu chini. Akasema mwanamke akisema sitaki, watu wanakaa vikao. Mume anamwita mjomba, mjomba anamwita shangazi, wote wanataka sababu, na sababu yake ikitolewa wanaipima, wanaona ni ndogo. Lakini akisema jina langu haliniruhusu, watu wanainamisha vichwa. Selemani aliinamisha. Wenye magari waliinamisha. Alikuwa anataka miamba yake, na ndoo yake, na kulala mahali ambapo yeye ndiye anayefungua mlango asubuhi. Ndogo, akasema, lakini ndiyo yenyewe.

"Na Mpapura?"

"Fadhili ni mtoto mwema. Sabra ni mwema kuliko yeye. Nikishika ufagio, ananipokonya: kaa mama, pumzika. Nikiinuka kwenda shamba, naletewa kiti. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya ishirini bado nanyimwa jembe." Akakung'uta mchanga miguuni. "Firauni alikuwa na vyumba vingapi? Na mkewe bado aliomba nyumba. Simfananishi mwanangu na Firauni. Nasema tu mwanamke yule nilimwelewa. Niliwaambia palepale uwanjani, na wewe ulikuwapo."

Nilikuwapo, ndiyo, nikijipongeza. Nilikuwa na hamu ya kumgombeza mtu, nikatazama kushoto na kulia, nikajiona peke yangu.

Sasa mimi uwanja wangu uko juu, mwinuko mzuri, hatua mia tatu kutoka majini, na kutoka hapo mpaka miambani mtu anafika kabla ndoo haijamchosha. Upande wa kaskazini pamekaa wazi. Miezi yote ile nilizunguka na Uarabuni, na Misri, na Mpapura, na jambo hilo lilikuwa limekaa nyuma ya jiko langu. Nikamwambia ajenge pale.

Mnadhani alinishukuru? Aliuliza kama atakuwa na ua wake. Nikasema ndiyo. Na jiko lake, si kupika kwangu? Nikasema ndiyo. Na njia yake ya kushukia pwani, asipite mlangoni kwangu nikamwuliza anakwenda wapi? Hilo lilinigharimu, maana nilikuwa nimelitegemea sana. Nikasema ndiyo. Na nisiwaambie watu kwamba nimempa? Nikamwambia hilo halimo katika uwezo wa Mungu aliyeniumba. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu likizo ya Juni, na tukainuka kwa kushikana.

Fadhili alileta miti na mabati, akamleta na fundi Isaya kutoka mjini, mtu wa Songea, mwenye kamba ya kupimia na asiyetaka maneno mengi. Wakapima. Asia akataka jiko litazame baharini, ili akiwa anakoroga uji aone maji yanapoanza kupwa. Isaya akavuta kamba, akasimama, akautazama mkorosho wangu. Ni wa zamani kuliko ndoa yangu ya pili, na tawi lake kubwa limelala hapohapo linapotakiwa jiko. Chini ya tawi hilo ndipo ninapoanika muhogo na ndipo ninapolala mchana.

Nikasema hapana. Isaya akakaa chini. Fadhili akaniita bibi mara ishirini. Nikasema jiko ligeuzwe litazame kwangu, kwani kwangu kuna ubaya gani. Asia hakubishana. Alikalia fuko lake juani, kinu pembeni, anaangalia lile tawi. Akakaa hivyo siku hiyo, na kesho yake, na mimi dirishani namwangalia anavyoangalia, uji wangu unaungua.

Siku ya tatu asubuhi nikatoka nikamwambia Isaya akate, ila aanze na vitawi vidogo, nipate kuzoea.